Neno la Mzee Kassimu

Mashine ilisema kwamba Mzee Kassimu si Kassimu.

Watu waliojaa uani wakageukiana. Shehe Amuri, aliyeuliza swali hilo la majaribio, akamtazama Mahamudu kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyechinja kuku, kisha kuku akainuka akakimbia.

"Zimeni grupe!" Mahamudu akapiga kelele.

Jenereta ya jirani ikazimwa, shingo upande. Mashine ilikuwa ikisikiliza mngurumo wake badala ya kichwa cha mzee. Wala si mara ya kwanza. Huko Ulaya, Mahamudu aliwahi kuandika makala nzima juu ya wazo la ajabu alilolikuta katika ubongo wa mgonjwa, mpaka ikagundulika kwamba wazo lenyewe ni friji ya ofisini. Katika makala zake zote, hiyo ndiyo iliyosomwa sana.

Kazi yake ndiyo hiyo, kusoma ubongo. Unamvisha mtu kofia ya nyaya, unampaka mafuta mazito kichwani ili nyaya zishike, halafu kompyuta inapokea umeme mdogo unaopita mle ndani. Mzee Kassimu, mchuuzi wa zamani wa Nyangwe, alikuwa amepooza mwili mzima, ulimi pia, na macho yalijipepesea tu. Basi Mahamudu alimfundisha: akitaka kusema ndiyo, afikirie mikono yake inapiga kasia, akitaka hapana, afikirie miguu inanyonga baiskeli. Kasia, skrini inawaka kijani. Baiskeli, nyekundu.

"Na hii mafuta," akauliza Mama Binti, mke wa mzee, "inaotesha nywele?"

"Hapana, mama."

"Sasa inafaa nini?"

Ilifaa kumwokoa Djamila, binti yao. Neno la kumwoza lilikuwa la baba. Baba akikosa sauti, neno linahamia kwa mdogo wake, Lukumani, na Lukumani alikwisha kumtafutia bwana, mnunuzi wa dhahabu wa Salamabila, mwenye wake wawili na meno mengi ya dhahabu kuliko ya mfupa. Djamila alilia kwenye simu: "Kaka Mahamudu, kuya na ile mashine yako. Baba anajua moyo yangu. Akipata kusema tu, nimepona."

Walisoma pamoja Kasongo, darasa moja, na miaka yote hiyo Mahamudu hakuwahi kumwambia neno. Sasa aliona halikuhitajika. Akaomba ruhusa kazini, akafunga mashine yake, na chini ya mashine akalaza kanzu nyeupe, mpya, bado na pini zake za dukani.

Posa hakupeleka, na hakuna aliyemwuliza. Aliichukulia kuwa adabu ya watu wa kwao: jambo la wazi halipigiwi ngoma. Djamila alipompokea, alilipokea kwanza sanduku la mashine, kwa mikono miwili, ndipo akakumbuka kusalimia. Ana haya, Mahamudu akajiambia. Msomaji wa ubongo huyo.

Hata Bakari, kijana wa pikipiki aliyetumwa kumchukua Kabambare, alimpa heshima ambayo chuo kikuu hakijampa. Kila penye shimo la tope alisimama.

"Shuka, docteur. Wewe ukianguka utaamuka. Hii mashine ikianguka, tumekwisha."

Akaivusha kwanza mashine, polepole kama mayai, halafu ndipo akamrudia docteur. Baadaye akauliza: "Na haiwezi kudanganya?"

"Haiwezi."

"Na mwenye kuisoma?"

"Mimi ni mutu wa sayansi, Bakari."

Bakari akacheka kwa raha hata pikipiki ikayumba. Mahamudu akafurahi naye. Kumbe sayansi ina wapenzi hata huku kwenye tope!

Basi jenereta ilipozimwa, shehe akaanza upya. Wewe ni Kassimu? Kijani. Ulizaliwa Kindu? Nyekundu. Lukumani ni mkubwa wako? Nyekundu, na iliwaka kwa hasira, watu wakacheka.

Lukumani hakucheka. "Ni huyu mutoto anabonyeza! Mashine yake, mafuta yake, na jibu ni yake."

Mahamudu akaigeuza skrini waone wote, akakaa mbali na kompyuta, mikono mapajani.

"Apa," Lukumani akasema.

Mahamudu akaapa, mbele ya Msahafu na wazee wote, kwamba mashine haikosei na kwamba neno litakaloonekana pale ni neno la baba, wala yeye mwenyewe hatalipinga. Aliapa vizuri sana. Hata Bakari, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka na wazee, shati limepigwa pasi, alifuta machozi.

"Tumesikia," akasema Shehe Amuri. "Sasa tuulize lenyewe."

Mahamudu akaomba dakika moja. Aliingia chumbani, akatoka na kanzu yake mpya, pini moja ikimchoma ubavuni. Mama Binti akampigia makofi.

"Umependeza, mutoto yangu! Umefanya vizuri kuvaa. Siku hii ni ya sisi wote."

Djamila alisimama mlangoni, ushungi umefunika nusu ya uso, macho hayatoki kwenye skrini. Shehe akasogea hadi sikioni mwa mgonjwa, akapaza sauti.

"Mzee Kassimu wa Nyangwe! Unakubali binti yako Djamila aolewe na kijana huyu, aliyevumilia ile njia yote ya Kabambare kwa ajili yake..."

Mahamudu akanyoosha kola.

"...Bakari, mwana wa Selemani?"

Kijani ilijaa skrini nzima kabla shehe hajafika kwenye jina la Selemani.