Funga Virago

Alasiri hiyo bendi ya roki ilikuwa ukumbini ikijaribu vyombo, watatu kama kawaida: mpiga gitaa, mpiga besi, na dada yake mpiga ngoma. Kwa miaka miwili walikuwa wakipigia viti vitupu. Sasa tiketi za onyesho la usiku huo zilikuwa zimekwisha tangu juzi.

Mwanamke wa makamo akaingia akiburuta sanduku.

"Samahani, wanangu. Ni nani aliyetunga 'Funga Virago'?"

Mpiga besi akainua mkono, akidhani anaombwa sahihi.

"Basi nimevifunga," mama akasema. "Ndoa ya miaka ishirini na sita. Nimeusikiliza wimbo wako wiki nzima, na leo asubuhi nimeondoka."

Wimbo ule mpiga besi aliutunga kwa hasira, siku walipofukuzwa kwenye gereji ya mazoezi kwa sababu ya kelele. Mambo ya ndoa hayakumpitia akilini hata kidogo. Hakujua ajivune au aombe radhi.

"Mwambie," dada yake akanong'ona, bila kusema amwambie nini.

Kiganja cha yule mama kilikuwa na alama nyekundu ya mpini wa sanduku. Alikikunja, akakikunjua, akakitazama kana kwamba si chake.

"Sasa, baba, ukishafunga virago wimbo unaishia hapo hapo. Mtu anakwenda wapi?"

Mpiga besi akavua besi yake, akailaza sakafuni taratibu.

"Mama, kusema kweli, sisi wenyewe bado tunaishi kwa mama yetu."

Yule mama akaushika tena mpini wa sanduku.

"Yuko nyumbani saa hizi?"