Sindano ya Muchangi

Wambeti alimpokonya mumewe kipande cha mutura, utumbo uliojazwa nyama na damu, mbele ya wateja wote, akakitupa nje ya bucha. Mbwa wa mtaa wa Majimbo wakashukuru.

"Wewe, umerukwa na akili?" Muchangi alifoka. "Bucha ni yangu, na tumbo ni langu!"

"Na sindano ikikatwa, utamlilia nani?"

Muchangi alirudi kukata nyama za watu.

Alikuwa na sababu ya kutobisha. Mwanamume huyu aliyezoea kubeba nusu ng'ombe begani alifika mahali akawa anasinzia kando ya mizani. Vipimo vilionyesha homoni zake za kiume zimeshuka vibaya. Daktari Zuleka akaanza kumdunga testosteroni, na baada ya muda bucha ikachangamka, na chumba cha kulala pia, tusiseme mengi. Ila kolesteroli nzuri ilishuka, na ile mbaya ikapanda.

"Nawapa miezi mitatu," daktari alisema. "Isiposhuka, nasimamisha sindano tutafute dawa nyingine."

Basi Wambeti akatangaza vita. Chapati zilipigwa marufuku. Githeri ya mahindi na maharagwe ilipikwa bila tone la mafuta, managu, zile mboga chungu za kienyeji, yakajaa sahani, na kila alfajiri Muchangi aliburutwa kupanda mlima kwa miguu huku akilaani siku aliyooa.

Aliyefurahi kuliko wote ni Cucu, mama yake Muchangi. Wambeti alikuwa amemzalia wajukuu watano, wasichana watupu, na kwa desturi ya Waembu mvulana wa kwanza ndiye hupewa jina la baba yake baba. Marehemu mumewe, mzee Mbaka, alikuwa bado hajapata wa kumrithi jina.

"Mwanangu amerudishiwa nguvu," Cucu aliwatangazia akina mama wa kanisa. "Sasa Mbaka anakuja."

Jioni moja wakiwa mezani, Wambeti alimkumbusha mama mkwe wake kwamba uzazi wa mwisho nusura umuue, hata akaongezwa damu.

"Mimi nilizaa tisa," Cucu alimkata, "na hakuna aliyeniongeza hata chai. Usipomletea mzee jina lake, Muchangi atatafuta wa kumletea."

Muchangi aliinama, akatafuna managu yake. Wambeti alimtazama, naye Muchangi akaomba aongezwe mengine.

Kuanzia siku hiyo Cucu mwenyewe aliingia vitani. Aliweka kigoda mlangoni pa bucha, akamchunga mwanawe kama mbuzi wa mahari. Mteja aliyemkaribisha Muchangi kwenye mbavu za kuchoma alifukuzwa kwa fimbo.

"Mama, hawa ni wateja wangu!"

"Na wewe ni mtoto wangu. Kula mboga."

Siku ya vipimo Cucu alivaa nguo ya kanisani, akafuatana nao hadi kliniki. Alibaki kwenye benchi la nje, akiomba kwa sauti mpaka muuguzi akatoa kichwa dirishani.

Ndani, Daktari Zuleka alisoma matokeo kwa makini. Wambeti alikuwa ameshika ukingo wa meza, roho mkononi.

"Mbaya imeshuka vizuri sana, na nzuri imeanza kupanda," daktari alisema hatimaye. "Kusema kweli sikutegemea. Tunaweza kuendelea."

Wambeti alishindwa kujizuia, machozi yakamtoka.

Daktari alitayarisha sindano, kisha akasita.

"Lakini nawakumbusha tena nilichowaambia siku ya kwanza. Dawa hii inalaza mbegu za mwanamume. Akiwa anadungwa, msitegemee mtoto. Kama mnamtaka huyo mvulana anayeombewa hapo nje, lazima tuiache leo."

Nje, Cucu alizidi kupaza sauti.

Muchangi alimshika mkewe mkono, akalegeza mshipi wa suruali.

"Dunga, Daktari."