Kuku wa Leo

Mpishi wa Kichina alivuta donge la unga, akalikunja, akalivuta tena, mpaka likawa nyuzi nyembamba. Rafiki zangu watatu walimtazama midomo wazi. Hawakuwahi kuona tambi zikitengenezwa kwa mkono.

Walikubali kuingia humu kwa sababu yangu. Siku hizi kila kitu ruksa, hata Mchina kafungua hoteli hapa Lindi, na mji mzima unajua kwamba mimi ndiye ninayemchinjia kuku kila asubuhi.

Leo sikuchinja. Nililala msibani Milola, nikarudi adhuhuri. Nilijua bila mimi hakuna kuku, tutakula tambi na mayai.

Mabakuli yakaja. Juu ya kila bakuli kulikuwa na paja la kuku, ngozi inang'aa mafuta, na karibu na mfupa bado kuna wekundu kidogo wa damu.

Nikamtazama mpishi. Akatabasamu, akapitisha kidole shingoni kwake, kisha akajigonga kifua. Alitaka nijue kwamba hakuniangusha, kazi yangu kaifanya mwenyewe.

Wenzangu, waliokaa wakimpa mgongo, hawakuona. Mwezi uliopita pia nililala Milola mara mbili, na siku zote mbili hoteli hii ilijaa watu wa mtaa wetu wa Rasbura.

Mvuke ulinipiga usoni. Hakuna aliyegusa chakula.

"Tuanzie, sheikh," mmoja wao, Maftaha, akasema. "Sisi tunakufuata wewe."

Nikaona mkono wangu umeshashika kijiko.