Kwaya ya Mtu Mmoja

Kidole kimoja huvunja chawa. Cha Atuganile kilibonyeza kompyuta mara moja, na programu ndogo ya sauti aliyoipakua bure mtandaoni, baada ya kujaribu nyingi zisizofaa, ikaigeuza sauti yake kuwa kwaya nzima.

Mama Lusajo, aliyetumwa na wanakwaya, alisikiliza akiwa amepakata mkoba.

"Hawa wote ni wewe?"

"Wote."

"Mbona huyu mmoja anachelewa kuingia?"

"Huyo ni wewe, mama Lusajo. Nimemsogeza nyuma kidogo. Bila yeye wimbo ulikuwa mkavu."

Mama Lusajo alicheka, kisha akafuta macho kwa upindo wa kanga. "Tumekukosa, mwanangu. Mwombe mwalimu wa kwaya samahani tu, Jumapili usimame pale pako."

Pale pake. Atuganile alilitamani joto la mabega ya wenzake, harufu ya majoho yaliyotoka kupigwa pasi, na vicheko vya waimbaji wa sauti ya pili kabla ya kuanza.

"Wimbo nilitunga mimi, yeye akaandika jina lake," alisema, akiurudisha mwanzo. "Kurudi nataka, hata leo. Samahani siombi."