Pasipopita Greda

"Kwani tunapita huku?" Bi Lorna aliuliza.

"Si umeona kile kibao, mama? Kijito kimejaa, barabara yetu imefungwa. Hakuna njia nyingine ya kurudi nyumbani."

Trevor, mkwewe, alijibu bila kumtazama. Asubuhi nzima alikuwa mchangamfu. Alimfunga mkanda, akamwekea mto chini ya goti bovu, akamfungashia mkate wa mayai na keki. Sasa alikuwa kimya, redio ikitangaza mpira. Gari la mzee Colin, mkulima jirani, likapishana nao, dereva wake akainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, salamu yetu sisi wa huku. Trevor hakurudisha. Mtu wa huku asiyerudisha kidole ama ni mgeni, ama ana jambo.

"Umemnunia mzee Colin?" Bi Lorna akamtania.

"Sikumwona, mama."

Kila Septemba Trevor alimtoa hivi kwenda kuona maua. Huu ulikuwa mwaka wa nne, na Janelle naye alikuwa ameondoka miaka minne. Janelle ndiye binti wa pekee wa Bi Lorna na mke wa Trevor. Alifunga begi, akaenda zake mashariki bila kumuaga mama yake. Trevor alirudi kazini jioni akakuta kabati tupu. Ndivyo alivyosimulia, huku analia. Polisi walisema mtu mzima ana haki ya kwenda atakako. Bi Lorna aliandika barua, akapiga simu, akabisha kila mlango mpaka akachoka. Alichotaka ni kujua mwanawe yuko wapi, basi, hata kama mwenyewe hataki kuonekana. Hakuwa na la kufanya ila kungoja, na kungoja kulikuwa kunammaliza.

Kwa hiyo alipiga picha. Kila ua zuri aliloliona alilipiga kwa kamera yake ndogo, ili Janelle akirudi asiseme maua yalimpita.

Trevor alikuwa dereva wa greda la kukwangua barabara kwa miaka ishirini, na maua ya mashada aliyahesabu kuwa mali yake. Hutambaa chini kwa duara, kijani katikati na waridi pembeni, kila shada kubwa kama sinia. Asubuhi ile walikuwa wameyakuta mengi kando ya barabara.

"Bustani yangu hii," alijigamba, kama kila mwaka. "Watalii wanayatafuta porini mpaka viatu vinaisha soli. Hayaoti porini! Yanataka udongo uliopinduliwa. Napitisha greda leo, mwaka wa pili, wa tatu, haya hapa."

"Maringo tu. Mungu anapanda, wewe unakwangua."

"Haya, mwambie aoteshe moja tu pale kwenye miti, greda lisipofika. Nitakupikia mwaka mzima."

"Si unanipikia tayari?"

Walicheka wote wawili. Wanawake wa kanisani walisema mkwe wa namna hiyo haonekani siku hizi, na Bi Lorna alikubali. Bila Trevor, nani angempeleka hata dukani?

Lakini sasa chai ya mchana ilikuwa imefika mwisho wa safari yake.

"Trev, simamisha gari."

"Vumilia, mama. Kilomita ishirini tu, kuna choo."

"Ishirini! Basi kiti utakianika mwenyewe."

Akaendelea kidogo. Bi Lorna akashika kitasa cha mlango, na hapo ndipo Trevor alipokanyaga breki.

"Hapa hapa, nyuma ya gari. Nitageuka."

"Mimi mbuzi? Na gari likipita?"

Pande zote palikuwa peupe, nyasi fupi na mawe mekundu. Kichaka kilikuwa kimoja tu cha kuweza kumficha mtu, hatua arobaini kutoka barabarani. Bi Lorna akachukua fimbo yake akakiendea.

"Usiende mbali, mama!" Trevor alipaza sauti. Kisha tena, "Mama! Panatosha hapo!"

Alipunga mkono bila kugeuka. Akapita kati ya matawi, akamaliza haja yake, akaweka sketi sawa, akainua macho.

Mashada! Makubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona, yamenona, waridi yake imekolea. Goti likasahaulika. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alijisikia mwepesi, akacheka peke yake kama msichana.

"Trev!" akaita. "Njoo ushindwe, muongo wewe! Yako huku kichakani! Greda lako halijawahi kufika huku!"

Redio ilikuwa inapiga kelele za goli.

Akatoa kamera kwa ajili ya Janelle. Mashada hayakuenea kwenye picha, akarudi nyuma hatua moja, akarudi ya pili, mpaka yakaenea yote. Yalikuwa manne, yamegusana kwenye mstari mmoja ulionyooka, urefu wa mtu aliyelala.

Kule barabarani redio ikazimwa, na mlango wa gari ukafunguliwa.