Vitunguu vya Bakuli la Mwanaidi

Shomari aliapa kwamba hajawahi kukanyaga mgahawa ule wa Wavietnamu wa pale mtaani. Ndiyo maana mkewe, Mwanaidi, alivaa gauni jipya: leo wangeshangaa pamoja.

Supu ya tambi ilipoletwa ikifuka mvuke, Shomari alivuta karatasi laini, akapangusa vijiti vya kulia, akaviweka mbele ya mkewe. Mwanaidi akatabasamu. Kumbe mume wake ana adabu hizi!

Kisha Shomari akachambua giligilani, akajijazia bakulini. Majani yale yale ambayo nyumbani huyatoa kwenye mchuzi akisema yananuka kunguni. Tabasamu la Mwanaidi likakauka.

"Nani kakufundisha, Baba Nasra?"

"Aa, si naangalia wenzangu tu."

Akaanza kuzungumzia paa la nyumba yao linalovuja, huku vijiti vyake vikiingia kwenye bakuli la mkewe, vikitoa vipande vya kitunguu na kuvihamishia kwake, bila hata kutazama.

Mwanaidi anapenda kitunguu. Hata wali mkavu hali bila kachumbari.

"Asiyekula kitunguu ni nani?" aliuliza taratibu.

Vijiti vikaganda hewani, kitunguu kikining'inia katikati ya mabakuli mawili, mchuzi ukidondokea meza.