Mwanamke wa Majengo

Mchana kweupe, mlangoni kwake mtaani Majengo, yule mwanamke alikuwa amemshika Mutembei kifundo cha mkono, na Mutembei alikuwa akicheka.

Ruguru alijibanza kando ya duka la nyama mpaka mumewe akaenda zake.

Mwanamke mwenyewe alimjua. Ni Zuleka, muuguzi wa ile kliniki ya utafiti pale Meru mjini, ambako Mutembei alinyweshwa dawa ya gome la mzizi kutoka misitu ya Gaboni ili aache pombe. Dawa ilimwonyesha maono, ikamliza, moyo nusura usimame. Zuleka ndiye aliyekaa naye mpaka akatulia. Mutembei alirudi nyumbani Timau mtu mwingine. Hata harufu ya pombe hakuitaka tena.

Kanisani watu walimpongeza Ruguru. Yeye hakuona cha kupongezwa. Wakati wa ulevi Mutembei alikuwa wake. Jioni walitoka pamoja kilabuni kwa Njuki, amemwegemea, akimwambia yote ya moyoni. Sasa alilala mapema, akaamkia shamba la maua, na kila Jumamosi akashuka Meru.

"Naenda kliniki," alisema tu. Na matibabu yalikuwa yamekwisha zamani.

Ruguru akabisha hodi. Akajifuta midomo kwa leso.

"Mama Kiunga," Zuleka akasema, kana kwamba alikuwa akimngoja. "Karibu ndani."

"Sikuja kuketi. Mume wangu anafuata nini hapa?"

"Nampima mapigo ya moyo. Ile dawa si ya mchezo, inaweza kuua."

"Kila Jumamosi? Nyumbani kwako?"

Zuleka akatikisa kichwa. "Kupimwa ni kisingizio, dada. Hata mimi nimejua hivyo siku nyingi."

"Basi niambie kinachomleta."

"Alinikataza."

"Mimi ni mke wake. Niambie."

Zuleka akateremka kizingiti, akasimama karibu naye, akapunguza sauti.

"Anakuja kukuombea nafasi nawe utibiwe kwa dawa ile ile. Daktari alikuwa anakataa, anaogopa moyo wako hautahimili. Sasa amekubali kukupima Jumatatu. Ila lazima uje hujanywa, Mama Kiunga. Leo umekunywa?"

Ruguru akageuza uso pembeni, pumzi zake zisimfikie.